Jinsi ya Kupendekeza Manowari Pantera ya Italia Iingizwe Kwenye Gemu ya Vita vya Baharini

Habari zenu wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nataka tufanye kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kuandika pendekezo la kuingiza manowari ya kihistoria kwenye gemu ya vita vya baharini, pendekezo ambalo mtu wa upande wa pili akilifungua atalisoma mpaka chini. Meli niliyoichagua ni destroya ya Italia iitwayo Pantera. Ndiyo, Pantera maana yake chui. Dada zake walikuwa wawili, Leone na Tigre, yaani simba na chui milia. Kundi zima la wanyama wakali, na walimalizia maisha yao kwenye Bahari ya Shamu, si mbali na kwetu.

Kwa asiyejua, destroya ni manowari nyembamba yenye mwendo mkali, haina siraha nzito, yaani mabamba mazito ya chuma ya kuikinga, silaha zake ni mizinga ya wastani na torpedo, yaani makombora yanayosafiri ndani ya maji. Twende kazini.

Hatua ya kwanza: fungua gemu yako uangalie kama meli imo tayari. Usicheke, watu wengi hawafanyi hivi. World of Warships, kwa mfano, tayari ina Leone. Ukienda kule na pendekezo la Leone umepoteza usiku wako. Na ukipeleka Pantera bila kueleza inatofautianaje na dada yake, atakayesoma ataona ni meli ileile iliyobadilishwa jina. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, jibu swali hili kwenye karatasi: kwa nini hii, na si ile iliyopo? Kwa Pantera mimi nina jibu. Ilipigana usiku mmoja ambao tunaweza kuusimulia kwa tarehe, mahali, na majina ya manowari zilizokuwa upande wa pili.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa video hii, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Chagua siku moja katika maisha ya meli, kisha usitoke nje ya siku hiyo.

Nieleze. Pantera ilijengwa na Ansaldo pale Sestri Ponente, Genova. Ilishushwa majini 1923, ikaingia kazini 1924. Ilizama 1941. Hiyo ni miaka kumi na saba, na meli haikai miaka kumi na saba na silaha zilezile. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na mirija sita ya torpedo za milimita 450, mafungu mawili ya mirija mitatu mitatu. Baadaye ikawekewa mirija minne ya milimita 533. Mizinga yake ya awali ya kutungulia ndege, ya milimita 76, nayo ikaondolewa, ikaja ya milimita 40. Ukichukua torpedo sita za mwanzo, ukazipa kipenyo cha zile za baadaye, umetengeneza meli ambayo haijawahi kuelea popote duniani.

Kosa hilo nililifanya mimi. Pendekezo langu la kwanza kabisa, la meli nyingine, nilikusanya kila silaha nzuri ya kila mwaka nikairundika kwenye chombo kimoja. Lilirudishwa na mstari mmoja tu: hii ni ya mwaka gani? Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, juu kabisa ya ukurasa naandika tarehe kwanza, halafu ndiyo jina la meli.

Kwa Pantera tarehe yetu ni tarehe 20 Oktoba 1940, jioni, bandarini Massawa, Eritrea, wakati ule koloni la Italia. Kila kitu tutakachoandika kuanzia sasa kiwe kilikuwepo juu ya sitaha jioni ile. Kama hakikuwepo, kiondoke.

Hatua ya tatu, vipimo. Mnaona jedwali hapa kwenye skrini. Urefu, mita 113 na kidogo. Upana, mita 10 na kidogo. Uzito, tani 1,700 na ushee ikiwa nyepesi, na karibu 2,300 ikiwa imejaa mafuta, maji na risasi. Andikeni namba zote mbili, na mseme ipi ni ipi, kwa sababu vitabu vinachanganya, na gemu nyingine hukokotoa uhai wa meli kutokana na uzito. Injini ni turbini za mvuke, nguvu za farasi 42,000, rafadha mbili. Mwendo ulioandikwa ni noti 33 hadi 34, kama kilomita 61 hadi 63 kwa saa.

Hapo kwenye mwendo msimame kidogo. Mwendo unaouona vitabuni mara nyingi ni wa siku ya majaribio: chombo kipya, tangi nusu, bahari shwari. Wajenzi wa Italia wa miaka ile walikuwa mashuhuri kwa kutafuta rekodi siku hizo. Pantera yetu ya Oktoba 1940 ina miaka kumi na sita na imefungiwa kwenye bandari ya joto kali. Mimi huandika noti 33 na kuishia hapo. Ukiiongezea mwendo ili ipendwe, msomaji anayejua atakushuku mpaka kwenye mambo uliyosema kweli.

Haya, hatua ya nne, na hii naipenda kuliko zote. Chukua mchoro wa meli ukiitazama kutoka juu, kama huu. Hesabu mizinga pamoja nami. Ni mizinga minane ya milimita 120, imepangwa miwili miwili kwenye majukwaa manne, yote katikati ya sitaha, kwenye mstari wa kutoka omo hadi tezi. Jukwaa moja liko mbele, moja nyuma, na mawili yako katikati ya meli.

Sasa jiulize: nikimkimbilia adui uso kwa uso, mizinga mingapi inamwona? Miwili tu, ya omo. Yale majukwaa ya katikati yanazibwa na daraja la nahodha na dohani. Ili mizinga yote minane iseme, lazima nigeuze ubavu. Na nikigeuza ubavu, namwonyesha adui mita 113 za chuma chembamba.

Hiyo ndiyo tabia ya meli, wadau. Usiandike kwamba ina mizinga mingi na ni nzuri. Andika hivi: mchezaji wa Pantera anaposogea mbele hana meno, anapogeuka ubavu anauma kuliko destroya yoyote ya rika lake, na kila mara anapogeuka anahatarisha roho yake. Mtengenezaji wa gemu akisoma sentensi hiyo anaiona mechi kichwani. Anajua tayari mchezaji atalia lini na atashangilia lini.

Lipo pia jambo la mabomu ya kutega majini. Meli hizi ziliweza kubeba hadi 60. Kama gemu yako haina mabomu hayo, litaje kwa sentensi moja, upite.

Hatua ya tano: simulizi. Hapa ndipo wengi wanamwaga kurasa kumi. Sisi tunataka aya mbili au tatu zenye mambo.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo manowari za Italia zilizokuwa Massawa zikawa kama samaki aliyebaki kwenye kidimbwi maji yanapokupwa. Destroya saba, mafuta yanayopungua, vipuri haviji. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, nne kati yao zikatoka kuushambulia msafara wa meli za mizigo uliokuwa ukipanda kaskazini kuelekea Suez, ule uliopewa namba BN 7. Zilikwenda jozi mbili: Pantera na Leone, kisha Nazario Sauro na Francesco Nullo. Upande wa pili msafara ulilindwa na kruza Leander, yaani manowari kubwa kuliko destroya, destroya Kimberley, na manowari ndogo zikiwemo Auckland na Yarra.

Pantera ilirusha torpedo na kupiga mizinga gizani, kisha ikajitoa. Msafara haukupata madhara makubwa. Nullo ndiyo iliyolipa: usukani wake ulileta matatizo, ikafukuzwa na Kimberley hadi kisiwa cha Harmil, ikaishia kwenye mwamba. Lakini Kimberley nayo haikutoka salama, kwani mizinga ya pwani ya Waitalia kisiwani iliipiga mpaka ikasimama, na Leander ikalazimika kuivuta hadi Port Sudan.

Mnaona kwamba sikuandika Pantera ilishinda? Haikushinda. Msiogope kuandika hivyo. Meli iliyotoka usiku, ikafanya shambulio, ikarudi bandarini, inatosha kabisa. Tena hapa gemu inapata adui wa kweli wa kuilinganisha naye: Kimberley, mizinga sita ya milimita 120, torpedo kumi, noti 36, mpya kwa zaidi ya miaka kumi. Pantera inamzidi mizinga miwili, lakini kwa torpedo na mwendo imezidiwa. Andika ulinganisho huo wazi, na upendekeze daraja la kwenye gemu, yaani ngazi ya nguvu, lililo chini ya la Kimberley.

Mwisho wake uwekeni kwa ufupi. Massawa ilipokaribia kuanguka, destroya sita zilizobaki zilipewa safari ya mwisho. Leone ilipanda mwamba tarehe 1 Aprili 1941 ikapotea. Nyingine zikaelekea Port Sudan. Sauro na Daniele Manin zikazamishwa na ndege za Swordfish za manowari ya Waingereza ya kubebea ndege, Eagle, zilizokuwa zikiruka kutoka nchi kavu pale Port Sudan. Cesare Battisti iliharibika injini. Pantera na Tigre zilivuka hadi pwani ya Uarabuni, na mabaharia wao wenyewe wakazizamisha. Massawa ilianguka tarehe 8 Aprili.

Niruhusuni niseme jambo la nyumbani. Tarehe 6 Aprili, wiki hiyohiyo, jeshi lililotokea Kenya liliingia Addis Ababa, na ndani yake walikuwemo askari wa King's African Rifles, wanaume waliozungumza Kiswahili kambini. Babu zetu walikuwa kwenye vita hivi hivi. Ndiyo sababu naipigania meli hii kuliko zile za Mediterania zenye sifa kubwa. Hili nililiweka kwenye pendekezo langu kwa mstari mmoja, kueleza kwamba wachezaji wa upande huu wa dunia wana sababu ya kuitaka.

Hatua ya sita, udhaifu. Andika aya nzima, usifiche. Ulinzi dhidi ya ndege ni hafifu mno, na tumeshaona Swordfish zilifanya nini kwa wenzake. Siraha hakuna. Torpedo ni nne tu. Omo ina mizinga miwili. Anayependekeza meli bila kutaja udhaifu anaonekana anataka silaha ya kuonea wenzake.

Hatua ya saba ni picha na rangi, na hii tunapita haraka. Tafuta picha za miaka ya mwisho, si za 1924. Ofisi ya historia ya jeshi la majini la Italia, kule Roma, inatunza nyaraka za meli hizi. Kumbuka picha nyingi zina mwenyewe, kwa hiyo eleza ulikoitoa. Na bendera! Bendera ya jeshi la majini la Italia ya leo ina nembo za Venezia, Genova, Amalfi na Pisa. Hiyo ilikuja baada ya vita. Pantera ilipeperusha bendera ya ufalme, yenye ngao ya ukoo wa Savoia na taji. Nimeona mapendekezo mazuri sana yakiwa na bendera isiyo ya wakati wake pale juu, na msomaji anaanza na shaka kabla hajafika kwenye mizinga.

Hatua ya mwisho, kuandika kwenyewe. Pendekezo lote lisizidi kurasa mbili au tatu. Kama waandaaji wa gemu yako wanasoma Kiingereza, andika kwa Kiingereza, lakini litunge kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu ukilielewa vizuri kwa lugha yako utalifupisha vizuri kwa lugha yoyote. Aya ya kwanza isianze na historia ya Italia. Ianze hivi, niwasomee:

"Napendekeza destroya Pantera, kama ilivyokuwa Oktoba 1940 katika Bahari ya Shamu. Mizinga minane ya milimita 120 inayofanya kazi yote pale tu meli inapogeuza ubavu, torpedo nne, mwendo wa noti 33. Ni meli ya mchezaji mvumilivu."

Hizo ni sentensi tatu. Zinazofuata ni jedwali, mchoro wa mizinga, simulizi, ulinganisho na Kimberley, udhaifu, picha. Kila namba iwe umeiona mahali pawili tofauti. Namba iliyoonekana mahali pamoja tu, iandikie neno "takriban" au uiache. Ukimaliza, mpe rafiki asiyecheza gemu alisome. Akikuuliza swali, jibu lake liingie ndani ya maandishi, usimjibu kwa mdomo tu.

Nimewawekea jedwali tupu hapo chini mjaze wenyewe, kwa Pantera au kwa meli yoyote mnayoipenda. Lichukueni sasa hivi, na kwenye mstari wa juu kabisa, kabla ya jina, andikeni tarehe.