Utalii wa kijiji uanzie mkutanoni

DADA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia Mto wa Mbu, wilayani Monduli, pale barabara ya Ngorongoro inapopita chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

KAKA: Na magari ya watalii hayakauki hapo, dada. Zamani mengi yalikuwa yanapita tu. Mgeni ananunua ndizi nyekundu, huyo, kapanda zake mlima.

DADA: Katikati ya miaka ya 1990, SNV, shirika la Uholanzi, likashirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania kuanzisha utalii wa kitamaduni, na Mto wa Mbu ukaingia. Kinachonifurahisha ni kwamba cha kuonyesha kilikuwepo tayari. Kilimo cha umwagiliaji kilishavuta watu wa makabila mengi: Mchaga na mbege yake, ile pombe ya ndizi, Mmakonde na vinyago, mashamba ya mpunga na migomba, Wamaasai na mifugo yao. Mgeni anatembezwa kwenye kazi za watu.

KAKA: Hapo nina neno. Kazi ni ya mtu, na ua ni wa mtu. Ruhusa anatoa nani?

DADA: Kijiji, kupitia mkutano mkuu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamhesabu humo kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Kwa hiyo mwekezaji anayetaka kiwanja cha kambi, mazungumzo na mwenyekiti peke yake hayamtoshi.

KAKA: Sawa, lakini mkutano ukiitwa saa ambayo mama wa mbege yuko jikoni, watamsemea wanaume.

DADA: Kweli kabisa, kaka.

KAKA: Mimi ningeanza na vikundi. Wapika pombe wakae peke yao, wachongaji peke yao, wafugaji vilevile. Kila kikundi kiseme kinapokea wageni siku zipi, picha zinapigwa wapi, wapi hapaingiliki. Mkutano mkuu upokee hayo, usiwaamulie.

DADA: Na fedha?

KAKA: Bei ipangwe mapema, kabla mgeni hajashuka garini. Ijulikane fungu la mwongozaji, la kaya iliyompokea, na la mfuko wa kijiji. Kisha mapato na matumizi yabandikwe ubaoni ofisi ya kijiji, kila mtu asome. Watu wakiona wageni wanapita na hawaoni fedha zinakwenda wapi, wanachoka, na wana haki ya kuchoka.

DADA: Mimi naongeza vijana. Wafundishwe kuongoza wageni wao wenyewe, maana dereva aliyetoka Arusha asubuhi hawezi kueleza mfereji huu unamwagilia shamba la nani na zamu yake ni lini.

KAKA: Na mama akisema leo hapokei mtu, ana msiba?

DADA: Mwongozaji abadilishe njia. Hilo nalo liandikwe kwenye mpango tangu mwanzo, asije akabembelezwa mlangoni mbele ya wageni.