Tramadoli: Dawa Inayokamilishwa na Ini

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote karibuni. Hapa mkononi nina kidonge cha tramadoli, dawa ya maumivu, miligramu 50. Walio nyuma hamkioni, ila hamjakosa kitu, ni kidogo tu kama vingine.

Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na kwa miaka mingi sisi wafamasia tuliizoea kama dawa nyepesi, mdogo wake mofini, ile dawa kali ya maumivu, ila yeye mpole. Neno hilo "nyepesi" limetuponza.

Sikilizeni. Ukimeza tramadoli, kinachokutuliza maumivu kwa sehemu kubwa si kile ulichomeza. Ikifika kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Yaani dawa inakamilishwa ndani yako. Na kimeng'enya hicho tumerithi, wala hatukurithi sawasawa. Yuko ambaye ini lake huifanya kazi hiyo polepole mno: atameza, atasubiri, maumivu yapo palepale, mwisho ataongeza kingine. Na yuko ambaye ini lake lina kasi, kiasi kwamba dozi ileile aliyoandikiwa inamwingia kama dozi kubwa. Kwa kumtazama mtu usoni huwezi kujua ni yupi.

Ndiyo sababu mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kali: watoto chini ya miaka 12 wasipewe kabisa, na walio chini ya 18 wasipewe baada ya kukatwa tezi za koo. Mama anayenyonyesha naye akashauriwa asitumie, maana kemikali hiyo hupita kwenye maziwa.

Mama mmoja alikuja dirishani kwangu vidonge vimekwisha kabla ya siku alizopangiwa. Nikamuuliza, vingine vimekwenda wapi? Akainamisha macho. Alimgawia kaka yake, mgongo unamsumbua. Kaka mwenyewe yuko kwenye dawa za sonona. Basi usiku ule alianza kutetemeka, jasho likamlowanisha shuka, kisha akaanguka degedege. Namshukuru Mungu alipona. Dada yule alitoa kwa huruma, na mimi sina neno la kumlaumu. Ninajilaumu kwamba siku ya kumkabidhi sikumwambia. Tramadoli hupandisha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye neva, na dawa nyingi za sonona hufanya vivyo hivyo. Zikikutana, mwili unachemka. Mwenye kifafa naye yuko hatarini hata bila dawa nyingine.

Kichefuchefu, kizunguzungu na kufunga choo mtaviona wenyewe; mwambieni daktari, vina msaada wake. Ninachotaka mkishike ni pumzi. Mtu aliyemeza nyingi, au aliyechanganya na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu, anaweza kuonekana amelala tu. Kaa karibu naye, tazama kifua, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20. Zikiwa chini ya 10, au anakoroma kwa kukwama, au midomo imegeuka rangi, au mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, usiseme "mwache apumzike." Mwite, mtikise, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Ipo dawa ya naloksoni inayorudisha pumzi, lakini haiondoi madhara yote ya tramadoli, na nguvu yake inaweza kuisha mapema. Hospitali ni lazima hata akiamka.

Kwa siku mtu mzima asizidishe miligramu 400, na aliyepita miaka 75 asizidishe 300. Mwenye figo au ini bovu apangiwe chini ya hapo. Vile vidonge vinavyotoa dawa taratibu msivisage wala kuvitafuna, maana dozi ya siku nzima itamwagika mara moja.

Kuna karatasi imeletwa hapa mbele: "Nimetumia miezi mitatu, nikiacha usiku silali, natoka jasho, mifupa inauma. Je, niache leo kwa nguvu?" Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni arosto, mwili umeizoea dawa, na kuacha ghafla ni kujitesa. Daktari wako anaweza kuipunguza kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Tukimaliza usiondoke, njoo hapa mezani tuandike pamoja unameza ngapi na saa ngapi, uende kwa daktari ukiwa na karatasi mkononi.