Utepe wa Usiku: Kuutazama Ubongo wa Kichanga Mwenye Arosto

Asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie mashine ya kunasa umeme wa ubongo, lakini mniruhusu nianze na mkono.

Kichanga ana siku mbili. Mkono wake wa kulia unatetemeka mbiombio. Ushike, ukunje taratibu kwenye kiwiko, kisha subiri. Ukitulia, basi yaelekea ni mtetemo tu wa arosto, yaani mwili kukosa dawa uliyoizoea. Ukiendelea kupigapiga chini ya vidole vyako, na macho yamekaza upande mmoja, hapo fikiria degedege. Kipimo hiki ni cha bure na wengi wetu tumekisahau. Ubaya wake ni kwamba hakitoshi. Lipo degedege la kichanga lisiloonekana kwa macho hata kidogo, na ipo mishtuko ya misuli ya arosto ambayo hata daktari mzoefu huiita degedege. Ndipo tunapohitaji elektrodi, vile vibandiko vya kichwani vinavyonasa umeme wa ubongo.

Heroini, methadoni, mofini na jamaa zao wa kundi la afyuni hupita kwenye kondo la nyuma bila taabu. Miezi inavyokwenda, ubongo wa kijusi unajipanga kuishi nazo. Kitovu kikikatwa na dawa imekatwa, seli zilizokuwa zimetulizwa zinafyatuka kwa pamoja na noradrenalini, kemikali ya msisimko, inamwagika. Mtoto analia kwa sauti kali, anapiga chafya na miayo, anaharisha, ananyonya kwa pupa lakini hamezi vizuri. Na hapati usingizi. Kwa heroini hali hii huanza mara nyingi ndani ya saa 24. Kwa methadoni ni siku ya pili au ya tatu, pengine hata baada ya hapo, mama ameshafunga mizigo aende nyumbani. Halafu jamani, tusimwite mtoto huyu mraibu. Mraibu huitafuta dawa. Huyu hajatafuta kitu, mwili wake umezoeshwa.

Tangu 1975 tuna jedwali la daktari wa Marekani Loretta Finnegan na wenzake. Muuguzi hupitia dalili kila baada ya saa tatu au nne, anajumlisha alama, na jumla hiyo ndiyo huamua kama mtoto atapewa mofini ya kumtuliza. Jedwali limeokoa wengi, silibezi. Ila ni macho ya mtu: chafya ni chafya, lakini "mtetemo wa wastani" wa muuguzi wa asubuhi siyo wa muuguzi wa usiku. Na usingizi umo humo, kwamba mtoto amelala muda gani baada ya kunyonya. Mara ngapi tumemfunua na kumwamsha ili tumpe alama za kukosa usingizi!

Sasa mashine. Mwaka 1969, huko Uingereza, Maynard na Prior walieleza kifaa cha kufuatilia umeme wa ubongo mfululizo kwa wagonjwa waliorudishiwa uhai. Vichanga walikuja kufaidika baadaye. Elektrodi chache tu zinatosha. Unasugua ngozi kwa jeli ya kusafishia mpaka ukinzani wa umeme ushuke, unabandika, unafunika kwa kofia ili mtoto asizing'oe kwa kujisugua kichwa. Kifaa kinachuja mawimbi, kinabakiza yale ya hezi 2 hadi 15 (mapigo kwa sekunde), kisha kinabana muda: saa nzima inakuwa kipande cha sentimita sita hivi cha mchoro mpana kama utepe. Usiku mzima unausoma kwa kutupa jicho.

Kinachonivutia mimi kwenye utepe huo ni kupumua kwake. Mtoto akiingia usingizi mzito, utepe unapanuka, ukingo wa chini unashuka. Akirudi kwenye usingizi mwepesi, unakuwa mwembamba. Kwa kichanga aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia miezi yake, mzunguko mmoja huchukua takriban saa moja. Kwa mwenye arosto kali, tarajia kuiona mizunguko hiyo imekatikakatika au haipo. Degedege nalo mara nyingi huonekana kama ukingo wa chini uliopanda ghafla. Likirudiarudia, utepe unakuwa kama meno ya msumeno.

Lakini tusidanganyane. Kilio na mtetemo wa misuli navyo huupandisha ukingo huohuo, na mtoto wetu ndiye bingwa wa kulia na kutetemeka. Degedege fupi, au la mbali na elektrodi, linaweza kupita bila kuonekana. Fenobabito, dawa ya degedege, hubadilisha mchoro, mofini pia. Kwa hiyo ukiona kitu, fungua mawimbi ghafi, yale yasiyobanwa, ya dakika ileile, na ukibaki na shaka agiza kipimo kamili chenye elektrodi nyingi. Utepe peke yake hautoi jina la ugonjwa.

Wengine mtaniuliza, mashine za nini wakati kumbeba kunatosha? Swali zuri. Utafiti wa Marekani uliotoka 2023, wenye watoto 1,305, ulipima njia ya kuuliza mambo matatu tu: anakula, analala, anabembelezeka? Waliotunzwa kwa njia hiyo walikuwa tayari kuruhusiwa kwa wastani wa siku 8.2, dhidi ya 14.9 kwa utaratibu wa kawaida. Mimi naunga mkono njia hiyo. Ila sikieni swali la pili: analala? Utepe unaweza kulijibu bila mtu kumgusa mtoto.

Sharti moja tu: andikeni. Aliponyonya, alipobadilishwa nepi, alipopewa dozi, alipowekwa kifuani kwa mama, bonyeza alama kwenye mashine hapohapo. Nizimieni taa za mbele tuangalie utepe mmoja. Msome alama kwanza, mchoro baadaye.