Lini Uhamie Toleo Jipya la Windows: Twende Hatua kwa Hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu. Kompyuta hii mnayoiona imekuwa ikitoa kidirisha tangu juzi: toleo jipya liko tayari, pakua na usakinishe sasa. Kila wiki naulizwa, nibofye au nisibofye? Neno "sasa" lililoandikwa pale ni la waliotengeneza mfumo. Siku ya kuhama unaipanga wewe, ukishajua tarehe zako. Kifunge kidirisha kwanza, twende tukazitafute.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, piga Enter. Haya, kimefunguka. Hii yangu inasema Windows 10, toleo 22H2. Ile 22 ni mwaka 2022, na H2 ni nusu ya pili ya mwaka. Andika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi, mbele kidogo mtaona kwa nini nang'ang'ania karatasi.

Windows 10 ilitoka Julai 2015, na usaidizi wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo mashine haikuzimika. Inawaka kila asubuhi kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho madogo yanayoziba mianya ya wahalifu. Microsoft walifungua mpango wa kuongeza viraka kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe, haviji vyenyewe. Na wewe mwenye Windows 11 usitulie sana: kila toleo la Home, yaani lile la watumiaji wa nyumbani, linahudumiwa miezi 24 tu. La 24H2 nalo linafika mwisho tarehe hiyohiyo, 13 Oktoba 2026.

Hapa naomba tukae kidogo, maana watu huchanganya vitu viwili. Kuna viraka vya kila mwezi, na kuna toleo jipya. Viraka siviachi hata wiki. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu duniani kote na kuwadai fidia. Kiraka cha kuziba upenyo ule kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla! Mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, hakikuwekwa.

Toleo jipya ni habari nyingine. Oktoba 2018 lilitoka toleo la Windows 10 lililoitwa 1809, na ndani ya siku chache Microsoft wakalisimamisha, kwa sababu kuna watu walioliweka wakakuta mafaili yao yametoweka. Likarudi Novemba, limerekebishwa. Aliyesubiri wiki sita hakupoteza hata picha moja. Hata Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, hufanya hivyo kwa matoleo yao ya muda mrefu: 24.04 ilitoka Aprili 2024, lakini waliokuwa kwenye 22.04 walianza kuitiwa kuhama baada ya 24.04.1, iliyotoka mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo mimi toleo jipya nalisubiri miezi miwili au mitatu, mradi lile nililonalo bado linapata viraka. Windows 11 iko nje tangu Oktoba 2021. Kwa mashine hii sababu ya kusubiri imeshakwisha.

Je, mashine inaiweza? Fungua PC Health Check, programu ya Microsoft ya kupima mashine, bofya kitufe cha kuangalia. Inasema... haikidhi. Msikate tamaa, soma sababu: TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya mashine, haijaonekana. Prosesa imepita, RAM imepita. Kiwango cha chini ni RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, ingawa kwa GB 4 utateseka. Mimi chini ya 8 simshauri mtu. Sasa, TPM mara nyingi ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye mashine za Intel itafute kwa jina PTT, kwenye AMD ni fTPM. Unaingia, unaiwasha, unahifadhi...

Hapana. Simama hapo. Ondoa mkono kwenye kibodi.

Kabla hujagusa BIOS, tafuta ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski yote. Narudia: kabla ya BIOS, ufunguo. Kuna mama aliniletea laptopu yake, nikaingia BIOS, nikabadilisha kitu kimoja, nikaiwasha. Ikaja skrini ya buluu na kisanduku kitupu: weka ufunguo wa tarakimu 48. Akaniangalia, nikamwangalia. Hakuwahi kusikia habari ya BitLocker maishani mwake. Diski yake ilifungwa kwa siri yenyewe siku laptopu ilipowashwa mara ya kwanza, naye aliyeiwasha alikuwa mwanawe, kwa akaunti ya Microsoft ya huyo mwanawe. Siku tatu picha za marehemu mumewe zilikaa ndani ya ile diski bila mtu kuzifikia, mpaka kijana alipopatikana, akaingia kwenye akaunti yake na kutusomea tarakimu kwa simu. Siku tatu zile sikulala vizuri.

Basi tufanye pamoja. Tafuta cmd, dirisha la kuandikia amri, bofya kulia, ifungue kwa ruhusa ya msimamizi. Andika manage-bde -protectors -get C: halafu Enter. Ngoja nisogeze kamera. Mng'ao wa taa unafunika, subirini niizime ile... sasa inaonekana. Kama diski imefungwa, hapa utaona mafungu manane ya tarakimu sita sita. Yangu nimeyafunika kwa kipande cha karatasi, na wewe usimwonyeshe mtu. Juu yake kuna kitambulisho cha ufunguo. Nakili na hicho, kwa sababu skrini ya buluu itakitaja, nawe utajua ufunguo upi ni wa diski ipi.

Andika kwa mkono, fungu kwa fungu, kisha soma tena ukifuata kwa kidole. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo. Usitegemee picha ya simu tu, mmeona mng'ao ulivyofanya sasa hivi: 6 na 8 zinafanana. Karatasi, jamani. Ukimaliza andika manage-bde -protectors -disable C: ili BitLocker isimame kwa muda ukienda BIOS. Karatasi iwe mezani hata hivyo.

Nimeshaiwasha PTT, hiyo sehemu nimeikata, ni kubofya tu. PC Health Check sasa imekubali. Nafurahi kila nikiona ile alama ya kijani!

Nakala za mafaili. Chomeka diski ya nje, chukua folda zako zote, Nyaraka, Picha, Eneo-kazi, buruta, acha. Hapa inasema dakika arobaini, kwa hiyo wakati huo... Subiri. Mmeona? Diski imepotea kwenye orodha. Sijagusa kitu. Ngoja... ni waya, umelegea upande wa diski. Nabadilisha waya na naanza upya kabisa, siendelezi pale ilipokatikia, kwa sababu faili lililokatwa katikati huwa na jina lake kamili na ukiliangalia kwa nje unadhani limo.

Imemaliza. Sasa fungua mafaili matatu kutoka kwenye diski ya nje: picha ya zamani kabisa, hati moja, video moja. Video ipeleke mpaka dakika za mwisho. Inacheza. Hiyo ndiyo nakala. Chomoa diski, iweke mbali na meza.

Programu: ile unayopatia riziki yako, na printa, ingia tovuti za watengenezaji wake uone kama wanataja Windows 11. Wasipoitaja, subiri huku umejiandikisha kwenye viraka vya ziada.

Siku? Mimi huchagua Jumamosi asubuhi. Usihame usiku wa kuamkia siku ya kazi, na kama mtoto ana mtihani wa mtandaoni wiki ijayo, ahirisha. Chaja ikae ukutani muda wote. Haya, nabofya pakua na usakinishe.

Asilimia 61 na imesimama dakika kumi na mbili. Taa ya diski inapepesa, inafanya kazi. Usibonyeze kitufe cha kuzima. Kunywa maji, rudi.

Imewaka. Winver tena: Windows 11. Sauti ipo, Wi-Fi ipo, printa... imetoa ukurasa wenye mistari. Tutaitafutia programu yake mpya. Sasa kuna folda inaitwa Windows.old kwenye diski C, kubwa, GB nyingi. Usiifute! Ndiyo njia yako ya kurudi Windows 10 kupitia Mipangilio, sehemu ya Mfumo, kisha Urejeshaji, na njia hiyo iko wazi siku 10 tu. Leo ni Jumamosi. Nafungua kalenda, naweka alama siku ya tisa, Jumatatu ya wiki inayofuata ile ijayo: printa. Ikifika asubuhi hiyo bado inatoa mistari, narudi nyuma siku hiyohiyo.