Sarafu za Warumi: mtungi usiguse!

Haya, wa nyuma mnanisikia? Najua wengine wimbo huu mmeshauchoka, vumilieni.

Kila mtu akiniletea sarafu ya Warumi swali ni moja, "mzee hii bei gani?" Mimi namuuliza, imetoka wapi? Anatoa macho tu.

Sasa chukua ule mtungi wa Frome, kule Somerset, Uingereza, mwaka 2010. Jamaa anaitwa Dave Crisp yupo shambani na ditekta yake ya kusaka vyuma, inalia, anachimba, anakuta mtungi umejaa sarafu. We ungefanyaje? Usinidanganye, ungeumimina kwenye ndoo fasta kabla jirani hajaona! Yeye akaacha kuchimba, akafukia, akawaita wataalamu wa mambo ya kale, wakazitoa tabaka kwa tabaka. Sarafu 52,503, kama kilo 160 hivi. Na hapa ndo utamu wenyewe. Sote tungesema hicho kilikuwa kibubu, mtu anatia leo moja kesho mbili. Wapi! Zile za Carausius, aliyejitangaza kaizari huko mwaka 286, ndo zilizotengenezwa mwishomwisho kuliko zote mle ndani, na nyingi zilikutwa nusu ya chini. Kibubu gani pesa mpya inakaa chini ya kuukuu? Kumbe zilimiminwa kwa mpigo. Na mtungi wenyewe kuta zake nyembamba, ukiujaza huubebi, kwa hiyo uliwekwa shimoni kwanza ndo ukajazwa. Ndo wengine wakasema basi labda ilikuwa sadaka kwa miungu. Angetumia ndoo, sarafu tungekuwa nazo zilezile, habari hatuna.

Namuona yule anataka kusema maskini wa watu alikosa hela. Hakukosa! Ulithaminiwa pauni 320,250, wakagawana na mwenye shamba, sheria yao ya hazina ya 1996 iko wazi.

Eti dakika mbili? Jamani. Haya, kusafisha: ule utando wa kijani achaneni nao, kuna mtu aliniletea moja kaisugua na ndimu na mswaki mpaka inang'aa kama kijiko cha harusi, kaizari kabaki pua tu. Karatasi, yaani hati za sarafu imetoka wapi: ile ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, yenye picha ya majambia mawili ya mauaji hayo, iliuzwa London 2020 kwa mamilioni ya pauni, karatasi zake zikaja kuonekana za uongo, 2023 ikarudishwa Ugiriki. Feki nilitaka niziseme ila basi.

Maswali sasa. Na asiniulize mtu bei.