Wageni wa biashara, na sisi tukiwemo

Niaje familia! Leo sirekodi Toronto, nimekuja likizo, niko hapa South B, Nairobi. Matatu zitapiga honi mpaka tumalize, mnivumilie.

Mnaniuliza sana: hizi kampuni za nje hufuata nini kwetu? Wengi mnasema zina hela tu. Lakini hela haihitaji ofisi Upper Hill. Unaweza kuikopesha ukiwa umekaa kwenu. Stephen Hymer, mwanauchumi Mkanada, alilifafanua hilo kwenye tasnifu yake ya mwaka 1960. Mgeni huanza akiwa nyuma: halijui soko, serikali inaweza kumbagua, na sarafu ikiyumba inamla. Akija hata hivyo, basi ana kitu ambacho wenyeji hawana, pengine teknolojia, pengine jina, na anataka kukishika mwenyewe.

Sasa mwoneni mama mboga huyu nyuma yangu. Sukuma anakukatia ukingoja, ya bob ishirini, na ukikosa pesa anakuandika kwa daftari. Anajua nani hulipa Ijumaa. Ujuzi huo haupakiwi kwenye kontena. Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini, na ukubwa wake wote, ilifungua duka la kwanza Kenya mwaka 2018. Mapema 2021 ilishafungasha. Sisemi mama mboga ndiye aliyeifukuza, jamani! Ila ukubwa peke yake haukuiokoa.

John Dunning, mwanauchumi Mwingereza, akaongeza maswali: kwa nini uende huko na si kwingine? Na kwa nini ufanye mwenyewe badala ya kumwachia mwingine jina lako? Supamaketi za Carrefour ni jina la Ufaransa, lakini maduka ya hapa yanaendeshwa na Majid Al Futtaim wa Dubai, kwa mkataba. Mfaransa kabaki kwao.

Kinachonifurahisha zaidi ni sisi tukiwa wageni. Benki yetu ya Equity ilipoingia Uganda mwaka 2008 ilinunua Uganda Microfinance, kampuni ya mikopo ya huko. Congo ya Kinshasa mwaka 2015 ikanunua benki ya ProCredit. Wajanja hao: unanunua pamoja na wafanyakazi wanaowajua wateja kwa majina.

Safaricom, kampuni yetu ya simu, kule Ethiopia ilipita njia ngumu. Ilijenga mtandao wake na kuuzindua Oktoba 2022, ikipambana na Ethio Telecom ya serikali. Julai 2024 Ethiopia ikaiachia birr, sarafu yake, ielee, yaani soko liipangie bei, birr ikaporomoka, na hesabu za Safaricom zikaumia. Sarafu, familia. Hymer alikuwa ameliandika miaka 64 kabla.