Seva Imewaka, Databesi Imegoma

Haya jamani, wa nyuma mnanipata? Sawa. Naanza na aibu yangu mwenyewe maana najua hiyo ndo mtaikumbuka kuliko slaidi zote nilizoandaa.

Kuna kipindi nilikuwa naangalia seva moja ya AIX 5.3, ule mfumo endeshi wa IBM wa jamii ya Unix, ina databesi ya Oracle, mashine imepita mwaka haijazimwa na sisi tulikuwa tunatamba nayo kabisa. Usiku mmoja ikabidi izimwe, mafundi wanarekebisha umeme, masaa mawili tu. Ikawashwa, ping inajibu, naingia vizuri, diski zote zipo, nikasema leo nalala mapema. Najaribu kuwasha databesi, ikanitapikia mistari kama mitano hivi, wa kwanza unasema `0509-036 Cannot load program`, yaani imeshindwa kuipakia programu. Mimi nikasoma huo wa kwanza nikaishia hapo, nikajiaminisha faili la programu limeharibika, nikaanza kulilinki upya, dakika arobaini zimeenda, eroo ni ile ile.

Akaja jamaa mmoja mzee wa kazi, akaangalia skrini, akaniambia shusha macho. Chini kabisa palikuwa pameandikwa kwamba simbo, yaani jina la kipande cha kodi ambacho programu inakiita, inaitwa `kaio_rdwr64` haipatikani kwenye `/unix`. Sasa `/unix` ni nini kwenye AIX? Ni kaneli yenyewe, moyo wa mfumo endeshi! Yaani programu nzima haina kosa lolote, inalalamika kwamba kuna kitu ilikizoea kwenye kaneli na leo hakipo. Hiyo aio iliyomo kwenye jina ni ile huduma ya kusoma na kuandika diski bila kusubiriana, Oracle inaitegemea sana. Tukapiga `lsdev -Cc aio`, ikajibu aio0 iko Defined, maana yake inajulikana ila haijawashwa, ilitakiwa isomeke Available. Jamaa akaandika `mkdev -l aio0`, ikachukua sekunde moja, databesi ikawaka. Nilitamani niingie chini ya meza.

Halafu akaongeza `chdev -l aio0 -P -a autoconfig=available` ili ijiwashe yenyewe kila mashine inapoamka. Kwa sababu kilichotokea ni kwamba zamani kuna mtu aliandika mkdev akasahau chdev. Huyo mtu tusimtafute sana, amesimama hapa mbele ameshika maiki. (kicheko) Kuanzia AIX 6.1 aio inajiwasha yenyewe ikihitajika, kwa hiyo hii hasa ya kwangu wengi wenu hamtakutana nayo, ila ndugu zake mtakutana nao sana tu.

Ndugu zake ni hivi. Seva ikikaa muda mrefu, watu wanairekebisha kwa mkono, huyu anaongeza kitu kwenye terminali, yule anabadilisha namba ya mipangilio ya kaneli, na vyote vinafanya kazi lakini vinaishi kwenye memori tu, hakuna faili hata moja linalovijua. Ukirebuti, yaani ukiizima na kuiwasha upya, vinapotea. Kwa hiyo watu wanasema rebuti imeharibu databesi, mimi nasema iliharibika miezi sita iliyopita ila hamkuwa mmeulizwa.

Mfano ambao watu huwa hawauamini. Databesi inatembea, mtu anaapgredi laibrari fulani kwenye Linux, yaani faili la kodi ambalo programu nyingi zinaliazima, faili la zamani linafutwa linawekwa jipya. Databesi inaanguka? Haianguki, kwa sababu prosesi ikishafungua faili, data ya hilo faili inabaki kwenye diski mpaka prosesi iliachie, hata kama jina limeshafutwa. Ukiangalia `/proc/namba ya prosesi/maps` utaona laibrari imeandikwa `(deleted)` mwishoni na kazi inaendelea kama kawaida. Siku ya rebuti ndo inakutana na laibrari mpya kwa mara ya kwanza, na kama hazielewani ndo unaamshwa usiku. Mimi kabla ya rebuti yoyote napitisha grep, amri ya kutafuta neno, natafuta deleted pale kwenye maps, ni dakika moja tu.

Ya pili, na hii ndo nakutana nayo kuliko zote, `error while loading shared libraries`, halafu jina la laibrari, halafu eti faili halipo. Unaenda kuangalia, faili lipo! Unaanza kujishuku. Sasa kaa ujiulize nani anaiwasha. Wewe ukiingia kwa mkono, `.bash_profile` yako inasomwa, `LD_LIBRARY_PATH`, ile variabo inayotaja sehemu za kutafutia laibrari, inawekwa, mambo yanaenda. Mashine ikiamka yenyewe ni systemd inayowasha, ile programu ya Linux inayosimamia huduma, na systemd haina habari na profaili yako wala haitaisoma, kwa hiyo programu inatafuta laibrari sehemu za kawaida tu, inakosa, inakufa. Ndo maana unasikia mtu anasema nikiwasha mimi inakubali ikijiwasha inagoma. Weka ile njia kwenye faili ndani ya `/etc/ld.so.conf.d` halafu piga `ldconfig`, au iandike kwenye yuniti yenyewe, lile faili la maelekezo ya systemd kuhusu hiyo huduma, kwa `Environment=`. Piga pia `ldd` kwenye programu, itakuorodheshea laibrari inazozihitaji, kila penye `not found` ndo pana tatizo, lakini ipige ukiwa na mazingira yale yale ya systemd, ukiipiga kwenye terminali yako itakudanganya mchana kweupe. Wa AIX, kwenu hiyo variabo inaitwa `LIBPATH`, na kwenye HP-UX ya zamani ilikuwa `SHLIB_PATH`, nimeshaona mtu anaweka LD_LIBRARY_PATH pale asubuhi nzima anashangaa mbona haisaidii.

Namba za kaneli sitakaa nazo sana. Mtu aliweka `kernel.shmall`, kikomo cha jumla ya memori ya kushirikiana, kwa `sysctl -w`, hakuandika kwenye `/etc/sysctl.conf`, imerudi ya zamani, Oracle inakupa `ORA-27102: out of memory` wakati amri ya `free` inaonesha RAM iliyo wazi ni tele. Linganisha namba, iandike kwenye faili, endelea na maisha.

Naam, dada pale, uliza. Anauliza je ukikuta folda ya data iko tupu?

Hapo mikono juu! Usiguse kitu, usiwashe tena, na hasa usianzishe databesi mpya pale ndani. Mara nyingi data haijapotea, ni diski haijapachikwa, yaani haijafanyiwa mount, mtu aliipachika kwa mkono na hakuiandika kwenye `/etc/fstab`, ile orodha ya diski za kupachika mashine inapoamka, kwa hiyo unachokiona ni ile folda tupu iliyokuwa chini yake. Kuna skripti za kuwashia PostgreSQL zilikuwa zikikuta patupu zinaanzisha databesi mpya zenyewe, sasa fikiria diski ya kweli inakuja kupachikwa juu yake kwa kuchelewa huku ile mpya inaandika, unapata vurugu ambayo hata mimi sitaki kuitwa. Piga `df` kwenye hiyo folda kwanza, kama inakuonesha diski ya mfumo badala ya ile ya data, ndo jibu lako. Pachika, hakikisha mafaili yapo na mmiliki wake ni yuza wa databesi na siyo root, yule yuza mkuu wa mfumo, andika fstab, kwenye yuniti ongeza `RequiresMountsFor=` na njia ya ile folda ili systemd isithubutu kuwasha kabla diski haijafika. Halafu rebuti tena ukiwa umekaa hapo hapo unaangalia, mchana, siyo saa nane usiku kama mimi.

Mwingine? Wewe mwenye kofia.